Nani alikoki?

Kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa kahawa, na kila nikitaka kuliandika naona aibu. Leo nimeamua liandikwe, na aibu yake humo humo.

Mwaka jana niliandika habari ya mistari minane. Mnazijua habari za namna hiyo, zile zinazobanwa kwenye kona ya ukurasa wa mikoani, chini ya tangazo la mnada. Ilisema kijana mmoja wa bodaboda wa Kalinzi, Kigoma, amejeruhiwa mguuni "baada ya bunduki ya mlinzi kufyatuka kwa bahati mbaya". Niliipata kwa simu nikiwa mjini Kigoma, kikombe cha chai mkononi. Simu mbili, dakika kumi. Nikatuma, ikatoka, nikahesabiwa malipo yangu ya habari moja. Maisha yakaendelea.

Wiki tatu baadaye nikapanda Kalinzi kwa shughuli nyingine kabisa, mambo ya bei ya kahawa. Kwa wasiofika: unatoka Kigoma mjini, unapita Mwandiga, unashika lami ya Manyovu. Gari linaanza kupanda milima na joto la ziwani unaliacha chini. Kule juu ni baridi, migomba, maharage na kahawa, na ukiendelea na barabara hiyo hiyo unakwenda kukutana na Burundi. Ni mahali pa watu wachapakazi ambao wakisikia umetoka mjini wanakuuliza kwanza kama umekula.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja mkulima, jina lake nalihifadhi. Mwenyeji wangu alikuwa amenidokeza kwamba mzee huyu alipigana Vita ya Kagera.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mwandishi?"

Nikasema ndiye. Akaingia ndani, akatoka na gazeti limekunjwa vizuri kama barua. Akaniwekea kidole kwenye ile mistari minane.

"Hapa umeandika bunduki ilifyatuka. Sawa. Nani alikoki?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kijana wangu, mimi nimetembea na bunduki kutoka Kagera mpaka ndani ya Uganda. Nimelala nayo, nimeanguka nayo kwenye matope. Haikuwahi hata siku moja kujikoki. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: hii ya hapa sokoni, nani aliikoki?"

Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, sikuwa hata nimejua kwamba kuna swali.

Haya, tuanze na elimu kidogo, maana nina wasiwasi kwamba wengi wetu tunaosoma na kuandika haya mambo kila siku hatujui neno hilo maana yake nini hasa. Mzee alinifundisha kwa mtego wa panya. Mtego ukiwa dukani hauna hatari, unaweza kumpa mtoto achezee. Hatari inaanza pale unapouvuta ule waya nyuma ukaukwamisha kwenye kijiti. Kuanzia hapo nguvu yote imeshawekwa kwenye springi, imekaa inasubiri. Panya anachofanya ni kugusa tu. Sasa niambieni, panya ndiye aliyetega?

Kukoki bunduki ni kutega. Chukua ile ambayo magazeti yetu huita SMG, ambayo kwa kweli ni ndugu ya AK-47 iliyotengenezwa China kuanzia mwaka 1956. Upande wake wa kulia kuna mkono mdogo wa chuma uliojitokeza kama ndoana. Huo ndio mkono wa kukokia. Umeshikamana na chuma kizito kinachobeba bolti, kinachokwenda mbele na nyuma ndani ya bunduki, kama komeo la mlango. Ukiuvuta mpaka mwisho, mambo mawili yanatokea kwa mpigo mmoja: springi inabanwa, na nyundo ya ndani inalazwa chini mpaka inanasa. Ukiuachia, springi inalirudisha lile komeo mbele kwa nguvu, linakwangua risasi ya juu kabisa kwenye magazini, linaisukuma ndani ya chemba na kuufunga mlango nyuma yake. Mtego umetegwa. Kinachobaki ni triga kuiachia nyundo, nyundo igonge pini, pini igonge fataki iliyo kwenye kitako cha risasi.

Kabla ya mkono huo kuvutwa, magazini inaweza kuwa na risasi zake 30 na chemba ikawa tupu. Utabonyeza triga mpaka kidole kiote sugu, hakitoki kitu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonitoa jasho. Kwenye SMG, sefti yake, ile bati ndefu iliyoko ubavuni, ikiwa juu kwenye usalama inauzuia mkono wa kukokia usirudi mpaka mwisho. Yaani ukiwa umefunga sefti huwezi kukoki. Kwa hiyo ili risasi iingie kwenye chemba, ni lazima kuna mtu aliyeishusha ile bati kwanza, halafu akavuta mkono, halafu akauachia. Akishamaliza angeweza kuirudisha sefti juu, bunduki ikakaa imekokiwa lakini imefungwa. Kama baadaye inafyatuka, maana yake sefti hakuirudisha, au aliirudisha kisha akaishusha tena, halafu triga ikabonyezwa.

Hesabuni wenyewe ni vitendo vingapi vya mkono wa binadamu hapo. Halafu sisi waandishi tunakuja na neno moja: ilifyatuka.

Mzee aliniambia jambo jingine kuhusu bunduki za zamani. Zile za kizazi cha Mark IV za Waingereza, na Mauser walizokuwa nazo askari wa Mjerumani kwenye ziwa letu hili wakati wa vita ya 1914, unakoki kwa kila risasi. Unapiga moja, unanyanyua bolti kwa mkono, unavuta, unarudisha, ndipo unapata nyingine. Kila risasi ina mkono wake. Kwenye SMG mkono wako unatakiwa mara moja tu. Baada ya hapo, moshi wa risasi ya kwanza unachepushwa kupitia tundu dogo kwenye mtutu, unasukuma pistoni, pistoni inasukuma lile komeo nyuma, ganda linaruka nje, springi inarudisha, risasi nyingine imeshaingia. Ukitazama kwa makini wakati inapigwa, utauona ule mkono wa kukokia unakwenda na kurudi wenyewe, hakuna aliyeushika. Unavuta mara moja, mashine inakumalizia zilizobaki. Ndiyo maana ule uvutaji mmoja ni mzito kuliko tunavyodhani.

Msidhani nimelisikia hili Kalinzi kwa mara ya kwanza. Hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria kama wenzangu wa rika langu. Nilivaa kombati, nilikimbia mchakamchaka, nililengeshwa shabaha. Nilikoki kwa mkono wangu huu huu, na mwalimu wa silaha akatukariri mpaka tukaota: mdomo wa bunduki usiuelekeze kwa mtu, kidole nje ya triga, usikoki mpaka uambiwe. Nilijua. Nikaenda chuo, nikasomea uandishi, nikapata kazi, na siku ya kwanza niliyohitaji ujuzi huo nikaandika kama mtu ambaye bunduki ameziona kwenye sinema tu.

Na sinema nazo! Shujaa anaingia mlangoni, anakoki. Anatoa hotuba, anakoki tena. Jambazi akicheka, anakoki mara ya tatu ili kuonyesha kwamba sasa hana utani. Ndugu zangu, bunduki yenye risasi kwenye chemba ukiikoki tena, ile risasi nzima inatolewa inaanguka chini. Yule shujaa angefika mwisho wa filamu anaokota risasi sakafuni kama mwanafunzi aliyemwaga sarafu. Kwenye filamu kukoki ni mlio tu, ni kama mtu kukohoa kabla ya kuongea. Tumekua na mlio huo masikioni, ndiyo maana hatuusikii tena kama kitendo.

Lakini sinema nisizisingizie sana. Tatizo letu kubwa liko kwenye lugha yenyewe, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa waandishi wenzangu.

Kiswahili kimetupa zawadi ya hatari. Kuna kuvunja na kuna kuvunjika. Kuna kumwaga na kumwagika. Kuna kufyatua na kufyatuka. Ukiongeza herufi moja mbili mwishoni, mtu anapotea. Kila mmoja wetu aliijua hila hii kabla hajaanza shule. Mama anarudi sokoni, anakuta vipande sakafuni. "Kikombe kimevunjika." Hatusemi nimekivunja. Kimevunjika, chenyewe, kilichoka kuishi. Na mama yupi aliyewahi kukubali? Mama anauliza hapo hapo: "Nani kakivunja?"

Mama asiyeingia darasa la uandishi anajua kuuliza. Sisi wenye shahada, tukiambiwa bunduki ilifyatuka, tunasema asante afande, tunakata simu.

Hebu tuyatazame haya kwa mifano ambayo wote mnaijua.

Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi mwenzetu Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini, kwa bomu la machozi lililopigwa kutoka karibu kabisa na mwili wake. Kilichozuia kifo kile kisimezwe na hadithi ni picha. Waandishi wenzake walikuwapo na kamera, na picha zikaonyesha askari wakiwa wamemzunguka na silaha imemwelekea. Watu waliona mkono. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Mnaweza kubishana kama kosa liliitwa kwa jina lake au hapana, na kama mtu mmoja ndiye alistahili kusimama pale peke yake. Ila mtu alisimama kizimbani, kwa sababu mkono ulionekana.

Tarehe 16 Februari 2018, Kinondoni, Dar es Salaam, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alikuwa ndani ya daladala. Hakuwa kwenye maandamano, alikuwa abiria kama mimi na wewe. Polisi walikuwa wakitawanya wafuasi wa Chadema. Akafa kwa risasi. Pale hakukuwa na picha ya mkono. Tukaandika "risasi ilimpata". Tukaandika "alipigwa na risasi iliyopotea". Wanadamu, risasi inapotea? Ilikuwa inakwenda wapi ikakosa njia? Askari walihojiwa, na mwisho wa yote jalada likafungwa, hakuna aliyesimama mahakamani kujibu kwa kuifyatua ile risasi. Sisemi habari zetu ndizo zilizofunga jalada. Nasema lugha yetu ilikuwa imeshalifunga kabla.

Linganisheni visa hivyo viwili. Pale mkono ulipoonekana, swali likapata jibu, hata kama ni jibu pungufu. Pale ambapo mkono haukuonekana, sisi ndio tuliopaswa kuuliza mkono uko wapi. Hatukuuliza.

Sasa kuna msomaji atasema: mwandishi, wewe unakaa Kigoma, mkoa wa silaha, ulitegemea nini? Hapa nina hasira ya pili.

Ni kweli silaha zimepita hapa. Mwaka 1965 silaha za kuwasaidia waasi wa Kongo zilivushwa ziwani kutokea Kigoma, na Che Guevara mwenyewe alivuka maji haya kwenda na kurudi. Alipouawa Rais Ndadaye mwaka 1993 Burundi ikawaka, Kongo ikafuata mwaka 1996, na watu wakamiminika kwetu kwa malaki. Waliokuja walikuwa akina mama na watoto na magodoro, lakini vita haiachi kudondosha vyuma njiani. Nakumbuka shangazi yangu akisimulia safari za basi za kule Kasulu na Kibondo, askari wenye bunduki ndani ya basi wanawasindikiza abiria dhidi ya majambazi. Askari wale waliokoa watu, na mimi simo kwenye kundi la wanaotukana polisi kwa sababu ni mtindo.

Lakini angalieni tunavyoandika. Akikamatwa mkimbizi au mwanakijiji na bunduki, habari inajaa vitenzi vyenye mwenyewe: alificha, alibeba, alikusudia kutumia. Silaha inatajwa kwa aina, SMG au SAR, pamoja na idadi ya risasi zilizokutwa kwenye magazini. Akijeruhiwa mwanakijiji na bunduki halali, ghafla hakuna aina, hakuna namba, hakuna idadi, hakuna mtu. Bunduki yenyewe tu, imeamka vibaya siku hiyo. Kwa hiyo tunajua kuandika. Sarufi haitushindi. Tunachagua nani apewe kitenzi na nani aondolewe.

Nitajibu hoja tatu ambazo nimeshazisikia barazani.

Ya kwanza: bunduki kweli zinaweza kufyatuka zenyewe. Hoja hii ina ukweli, na mzee ndiye aliyeniambia kabla sijamuuliza. Kuna bunduki ndogo za zamani kama Sten ya Waingereza, ambayo ikiwa na magazini na ikaanguka kwa kitako, bolti inaweza kurudi nyuma na kwenda mbele kwa kishindo, risasi ikatoka bila mtu kugusa triga. Gobore kuukuu, nyundo yake ikishalika, linaweza kumponyoka mwenyewe. Hata bunduki nzuri ikijaa uchafu, pini inaweza kukwama. Sawa. Lakini hayo yote yana jina na yanachunguzika! Kama ni pini iliyokwama, fundi wa silaha aseme ni pini, na aseme mara ya mwisho ilisafishwa lini na nani. Ajali ya kweli haiogopi swali. Swali linaogopwa na aliyeita uzembe wake ajali.

Ya pili: unawafundisha wahalifu. Jamani. Jambazi anajua kukoki kuliko mimi. Katika mnyororo mzima, kuanzia anayeishika, anayepigwa nayo na anayesoma habari zake, asiyejua ni msomaji peke yake. Na asiyejua ndiye anayedanganyika kirahisi.

Ya tatu: mambo haya ni ya kitaalamu, tuwaachie wataalamu. Mwandishi wa michezo asiyejua kuotea ni nini angefukuzwa ndani ya wiki. Wa biashara asiyejua riba angechekwa. Kwa nini mwandishi wa habari za jinai ndiye pekee anayeruhusiwa kutojua? Wala aina hazifanani, lazima uulize ni ipi. G3 ambazo wenzetu wa Kenya wamezoea kuziona kwa polisi wao, mkono wake wa kukokia uko kushoto, mbele, na hautembei wakati wa kupiga. Pump action za walinzi wetu hazina mkono wa ubavuni kabisa, unakoki kwa kuvuta kile kishikio kilicho chini ya mtutu nyuma na mbele. Haya si siri za jeshi. Ni kama kujua gari la gia linavyowashwa.

Kwa hiyo haya ndiyo maswali yangu, na naomba kila mwandishi anayesoma hapa ayaandike nyuma ya daftari lake. Ilikuwa bunduki ya aina gani? Ilitoka ghala gani, kwa sahihi ya nani? Zilitoka risasi ngapi, zimerudi ngapi? Nani alikoki, lini, na kwa amri au kwa sababu gani? Sefti ilikuwa wapi? Mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea wapi na kwa nini? Hakuna hata moja linalohitaji ujasiri wa kufa mtu. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inataka askari awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa. Uwajibikaji huo unaanzia kwenye daftari la ghala. Daftari lipo. Sisi ndio hatuliulizii.

Swali la "lini" ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu aliyekoki asubuhi kwa mazoea akatembea nayo siku nzima ni mzembe. Aliyekoki baada ya kumwona mtu fulani mbele yake amefanya uamuzi. Jeraha ni lile lile, ganda lililoanguka chini ni lile lile. Tofauti ya mambo hayo mawili mbele ya sheria ni miaka ya maisha ya mtu gerezani, na kwa familia ya aliyeumizwa ni tofauti ya kulala au kutolala. Neno "ilifyatuka" linafuta tofauti yote hiyo kwa pigo moja.

Turudi Kalinzi.

Baada ya mzee kunimaliza, bei ya kahawa niliiweka pembeni nikaenda kuuliza nilichopaswa kuuliza wiki tatu nyuma. Sokoni watu walinionyesha pale penyewe, mbele ya duka la wakala wa pesa. Mama muuza ndizi alikuwa amesimama hatua chache. Aliniambia hakukuwa na ugomvi. Kijana wa bodaboda alikuwa anasubiri chenji, mlinzi anahama upande kukimbia jua, bunduki ameishika kwa mkono mmoja kama mwavuli, mdomo chini. Halafu mlio.

Mlinzi mwenyewe nilimpata. Alikuwa ameshaachishwa kazi. Ni kijana wa umri wangu, na sitamtaja. Nikamuuliza swali la mzee, neno kwa neno. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

"Mimi, kaka. Asubuhi. Kila asubuhi nilikuwa nakoki nikifika lindo."

"Kwa nini?"

"Aliyenikabidhi ndivyo alivyonionyesha. Alisema mwizi hakusubiri ukoki. Alinielekeza siku moja tu, tena nusu saa hivi, tumesimama uani."

Sefti? Alinitazama. Hakuwa amewahi kuonyeshwa ilipo.

Mnaona swali moja linavyokwenda mbali? Nilidhani nikishampata aliyekoki nimefika. Kumbe ndiyo kwanza mlango umefunguka. Nani alimpa kijana silaha ya moto kwa mafunzo ya nusu saa? Nani alimfundisha kutembea sokoni na mtego umetegwa, siku nzima, katikati ya akina mama na watoto? Waajiri wake walimfukuza, wakasema suala limekwisha. Na likaisha kweli, kwa sababu gazeti lilikuwa limeshasema bunduki ilifyatuka. Mimi ndiye niliyewaandikia utetezi wao, bure, kwa mistari minane.

Niliporudi mjini niliandika habari mpya, ndefu, yenye majibu. Mhariri akaniambia kwa upole kabisa: "Hiyo imeshapita, kaka. Tulishaitoa." Ndiyo maana mnaisoma hapa.

Kijana wa bodaboda nilimkuta kwao, kwenye mgomba nyuma ya nyumba, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nyama ya kigimbi ilikuwa imeliwa. Pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya mkataba, na mwenye nayo alikuwa ameshampa mtu mwingine. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika ile habari. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mliandika kwa bahati mbaya. Bahati mbaya ya nani?"

Nimetembea na maswali haya mawili, lake na la mzee, kwa miezi sasa. Nimeahidi kwamba sitaandika tena kwamba bunduki ilifyatuka mpaka niwe nimemuuliza mtu, kwa sauti, nani aliikoki. Kama hatajibu, nitaandika kwamba nimeuliza na hakujibu. Hilo nalo ni habari.

Nanyi wasomaji mna kazi. Mkikutana na neno hilo gazetini, fanyeni kama mama aliyekuta vipande sakafuni. Msiulize kikombe.

Nawasilisha.